Sauti Iliyosoma ya Wengine

Jumatano moja ya Julai, mbele ya kina mama wa kanisa lao kule Sagana, Magdaline aliaibishwa na simu yake mwenyewe.

Mama huyu alikuwa fundi cherehani wa kusifika mpaka ng'ambo ya mto, hadi presha ya macho ilipomnyang'anya nuru. Tangu hapo simu ndiyo humsomea. Kina mama walimzoea hivyo, na kila wiki matangazo yalisomwa na simu yake, ikiwa mezani, sauti juu. Siku hiyo ilipofika tangazo la mwisho, Magdaline aliufunga ukurasa, maana alijua sauti ingemalizia sentensi iliyokuwa kinywani kisha inyamaze. Sauti ikaendelea, kwa utulivu ule ule wa kikanisa:

"Ibada ya vijana itafanyika Jumamosi katika mwenyekiti wetu hupika chai kama maji ya kuoshea vikombe, na hakuna mwenye ujasiri wa kumwambia."

Mwenyekiti alikuwa amesimama hapo hapo, birika mkononi.

Maneno yalikuwa ya Magdaline, hilo hakulikana. Alikuwa akimwandikia dada yake wa Kerugoya, kwenye ukurasa mwingine kabisa, na hakuwa ameiomba simu iusome. Lakini nani angemwamini? Mwenyekiti alisema mtu mzima hasingizii chombo. Wengine walisema ni makusudi, tena makusudi ya kipofu ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa huwezi kumtazama machoni ukajua. Mtu angeikashifu chai yangu hivyo mbele ya watu, mimi ningempa birika apike mwenyewe.

Kesho yake Magdaline alipiga simu Ruring'u, mjini Nyeri, kwenye ofisi iliyo juu ya duka la sare za shule, ambako kivinjari kiitwacho Kirima hutengenezwa. Kirima ndicho alichotumia kufungulia kurasa zake. Simu ilikuwa na sauti yake ya kiwandani, ni kweli, lakini hiyo ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana, na Kigikuyu haikukigusa. Sauti ya Kirima ilivisoma vyote viwili kama mtu wa nyumbani. Ndiyo maana vipofu wengi wa miji iliyo chini ya Mlima Kenya, kutoka Nyeri hadi Karatina hadi Embu, walikuwa nayo.

Aliyepokea ndiye aliyeiandika sauti hiyo. Phoebe Khavere, binti wa sajini wa polisi kutoka Vihiga, aliletwa Nyeri akiwa bado anabebwa mgongoni. Alizaliwa haoni. Alisomea kompyuta chuo kikuu, akafanya kazi Nairobi, akarudi mlimani kwa sababu, alivyopenda kusema, baridi ya huku angalau haijifanyi.

"Hii brauza yenu imeniharibia jina," Magdaline alianza, hata salamu hakutoa. "Ati mimi ndio mwongo. Sasa niambie, mami, simu inaweza soma kitu sijaiambia isome?"

"Haiwezi, shosho," Khavere akajibu upesi, akimwita bibi kama vijana wa mlimani, kisha akasita. "Ama wacha kwanza niangalie."

Khavere husema "niangalie" kama watu wote. Asiyependa na akasirike.

Aliangalia siku nzima. Alifungua kurasa na kuzifunga, aliandika barua za uongo kwa dada wasiokuwepo, akaifunga sauti katikati ya neno, mwanzoni mwa neno, baada ya neno. Sauti haikukosea hata mara moja. Akamwuliza Wacera, ambaye kazi yake ni kukijaribu Kirima kwenye kila aina ya simu kabla hakijatoka.

"Sauti huwa unaijaribu aje?"

"Naiwasha, nafungua page, naangalia kama ile alama ya kijani imekuja."

"Na unasikiliza?"

Wacera akacheka kwa aibu. "Aki Phoebe, simu ishirini zikianza kuongea pamoja hapa tutakuwa wazimu. Huwa naweka volume chini."

Haya basi. Sauti ilikuwa imepita majaribio yote bila kusikilizwa na mtu. Khavere hakumkaripia, kwa maana yeye mwenyewe aliisikiliza kila siku kuanzia asubuhi na hakuwa amesikia lolote. Akachukua koti na fimbo yake, akaenda Sagana.

Magdaline alimkaribisha kwa uji na malalamiko. Walikaa jikoni karibu na moto, na Khavere akamwomba afanye vile vile alivyofanya Jumatano, asiongeze wala kupunguza. Magdaline akafungua barua ya dada yake. Akafungua matangazo ya kanisa upande wa pili. Kisha akaiambia simu isome.

"Ma-ta-nga-zo ya wi-ki hii..."

Khavere akaketi wima. Sauti ilikuwa yake, aliyoitengeneza kwa mikono yake, lakini hakuwahi kuisikia ikitembea hivyo, hatua moja baada ya nyingine kama bibi harusi.

"Shosho, hivi ndio wewe husikiliza? Pole pole hivi?"

"Kwani wewe husikiliza aje?"

Khavere akatoa simu yake akaigusa. Yaliyotoka yalikuwa mlio mmoja mfululizo, kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria. Aliyezaliwa kipofu, akasikiliza mashine tangu utotoni, huongeza mwendo mwaka hadi mwaka mpaka masikio ya wengine yasiambulie kitu. Magdaline, aliyeanza kusikiliza akiwa na wajukuu, hangeweza kuifuata hata silabi moja.

"Hiyo ni lugha ama ni radio imeharibika?" akauliza.

Khavere aliizima simu yake. Alikuwa ameanza kuelewa. Kwa mwendo wake yeye, sauti humaliza sentensi kabla ukurasa uliofungwa haujapoa. Kwa mwendo wa Magdaline, sauti bado iko njiani wakati ukurasa umeshaondoka. Katika hizo nukta chache, kuna kitu kilikuwa kikitokea ambacho mtengenezaji wake hakuwahi kukaa nacho, kwa sababu alikuwa na haraka.

"Funga ukurasa sasa, shosho."

Magdaline akaufunga. Sauti ikasema, "Kwaya itakutana baada ya ibada katika," ikapumua, ikaendelea: "Mpendwa dada yangu, huku baridi imezidi na mwenyekiti."

"Umesikia?" Magdaline akaruka kutoka kitini. "Umesikia na maskio yako?"

"Nimesikia! Si wewe, shosho. Ni sisi."

Khavere alishangilia kana kwamba amepewa shamba. Aibu ya kuwa kasoro ni yao ingekuja baadaye. Kwanza alikuwa ameikamata. Magdaline naye hakungoja uji upoe. Alimpigia mwenyekiti simu papo hapo, akamwambia fundi mwenyewe wa Kirima yuko jikoni kwake na aje asikie. Mwenyekiti akaja na shali yake na hasira yake, akasikilizishwa mara tatu, akatikisa kichwa. Mambo yao yakaishia hapo, isipokuwa alitaka kujua hiyo sehemu ya chai ilikuwa ya mzaha au la, na Magdaline akasema ni ya kweli.

Wiki iliyofuata, huko Ruring'u, Khavere alimweleza Hezekiah Mutahi.

Hezekiah ndiye mwanzilishi wa Kirima. Alikulia Othaya, kwa wazazi waliochuma chai, katika nyumba ambayo taa ilizimwa mara tu kijiko cha mwisho kilipotua, na tabia hiyo haikumtoka. Mpaka leo hutoka chumbani akazima taa hata kama mtu amebaki ndani. Lakini ubahili huo ndio uliokipa Kirima jina. Vivinjari vikubwa huilemea simu ya bei ya chini, huijaza kumbukumbu mpaka ikwame. Kirima hukimbia hata kwenye simu duni kabisa, kwa sababu Hezekiah aliandika sheria moja kali: ukurasa ukifungwa, nafasi yake itwaliwe papo hapo, apewe mwingine.

"Ni kama nyumba za kupanga," Khavere akasema. "Kila page inapewa chumba kwa memori, inaweka maneno yake huko. Sauti ikianza kusoma, haibebi maneno. Inabeba namba ya chumba tu. Sasa page ikifungwa, wewe unafukuza mpangaji hapo hapo na unaingiza mwingine. Sauti inarudi na namba yake ya zamani, inafungua mlango bila kubisha, inasoma chenye inapata."

Hezekiah akavuta kiti akaketi. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii aliishona mwenyewe.

"Lakini ni kusoma tu," akasema mwishowe. "Ni aibu, sawa. Si wizi."

"Sijui kama ni kusoma tu. Tumwite Mwangangi."

Mwangangi hufundisha usalama wa kompyuta katika chuo kimoja mjini, na kazi yake ya pembeni ni kuvunja programu za watu kwa ruhusa yao. Ni mcheshi, mwenyeji wa Machakos, na hulalamikia baridi ya Nyeri kama mtu aliyeletwa kwa pingu. Walimpa Kirima na maelezo. Akaondoka akipiga mluzi. Aliporudi hakuwa akipiga mluzi.

Akamwomba Khavere afungue ukurasa fulani aliouandaa, asikilize kidogo, kisha aufunge. Khavere akafanya hivyo. Sauti ikakata. Simu ikatulia mkononi mwake, halafu, bila yeye kugusa kitu, akasikia mlio mdogo anaoufahamu kila mtu.

"Hiyo ni kamera yangu?"

"Ni wewe nimepiga picha," Mwangangi akasema kwa upole. "Pole. Kwa hicho chumba hakuna maneno peke yake. Kuna pia maagizo ya sauti, ati ukimaliza hapa nenda pale. Mimi nilingoja mpangaji wenu afukuzwe, nikaingia haraka, nikaacha maagizo yangu. Sauti ikaja, ikatii. Mtu mbaya akijua hii, simu ya kila mtu anasikiliza pole pole ni yake."

Kila mtu anayesikiliza pole pole. Yaani wazee, na waliopoteza macho ukubwani, ambao ndio kwanza wameanza kuiamini simu. Kupigwa picha na mtu usiyejua, wewe huwezi hata kuona kwamba umepigwa. Khavere aliiweka simu mezani, akaigeuza kifudifudi.

Hezekiah akasimama. Anapoamua jambo hutembea, na Khavere alizisikia hatua zake zikizunguka chumba.

"Tunatuma ujumbe leo, watu wote wawache kutumia sauti. Ijumaa tunatoa Kirima mpya bila sauti kabisa. Tunaitoa."

"Tunaitengeneza," Khavere akasema.

"Phoebe, mlango uko wazi. Siwezi lala mlango ikiwa wazi nikingojea fundi."

"Na ukishaitoa utairudisha lini?"

"Tukipata nafasi."

Kila aliyewahi kufanya kazi na watu anajua maana ya "tukipata nafasi." Ni jina la heshima la "kamwe." Khavere alijua pia kwamba Hezekiah hakuwa na ubaya, na hicho ndicho kilichomuumiza, kwa sababu alikuwa na haki. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kuna kuziba ufa, na kuna kubomoa nyumba ili ufa usiwepo.

"Nipe mpaka Ijumaa," akasema. "Kama Mwangangi bado anaingia, toa sauti, na mimi sitasema neno."

Ujumbe ukaenda. Jioni hiyo hiyo Magdaline alipiga simu. Hakulalamika safari hii, na afadhali angelalamika.

"Mami, nimeambiwa nisiisikilize. Ni sawa, nimeelewa. Lakini uliza hao watu wako, sasa mimi nitasomewa na nani? Mtoto wa jirani anasoma mistari mbili anasema amechoka."

"Ni siku chache tu, shosho," Khavere akamwambia, na aliogopa sana kwamba anamdanganya.

Tiba ya kwanza ilikuwa rahisi. Khavere aliandika kwamba ukurasa usifukuzwe mpaka sauti iseme imemaliza. Sauti ikienda pole pole, chumba kingoje pole pole. Aliijaribu kwa mwendo wa Magdaline, ulimi wake ukitamani kuisukuma ile sauti mbele, na haikusoma ya mtu. Akamkabidhi Wacera. Wacera akachukua simu duni kuliko zote, akafungua gazeti zima na picha zake, akalifunga likiwa linasomwa, akafungua lingine, na lingine. Simu ikapata moto, ikakwama, ikazima.

"Umenirudishia mzigo yote," Hezekiah akasema. "Gazeti tatu zimekaa ndani zikingoja sauti imalize. Hiyo simu ndio watu wetu wako nayo, Phoebe. Ikizima, hata sauti haiko."

"Kwani sauti inasoma gazeti tatu?"

"Gazeti ndio iko kwa chumba."

"Sijauliza chenye iko kwa chumba. Nimeuliza sauti inasoma nini. Sasa hivi, saa hii, iko na nini kwa mdomo?"

Hezekiah akafikiri. "Sentensi."

"Moja?"

"Moja."

"Na sentensi moja inakula memori kiasi gani?"

Hezekiah, bahili wa Othaya, mtu wa kuhesabu mpaka cheche za kiberiti, akaanza kucheka. "Hakuna kitu. Hiyo hata mimi naweza kupatia bure."

Hapo ndipo tiba ya kweli ilipozaliwa, katikati ya ubishi, na wote wawili wanadai ni yao. Sauti isibebe namba ya chumba. Ibebe maneno yenyewe, sentensi moja tu, nakala yake, kama mgeni aliyepakuliwa kwenye sahani yake: sufuria ikioshwa, yeye anakula. Ikimaliza sentensi hiyo, iende kuchukua nyingine, lakini ibishe hodi kwanza. Mwenyeji asipoitika, sauti ijue amehama, inyamaze.

Khavere aliandika, akafuta, akaandika. Chini yao cherehani za duka la sare zilikuwa zikilia, na uwanjani wanafunzi walikuwa wakishangilia mbio za shule, naye akiwa katikati ya msimbo wake, sauti yake ya bisi ikimsomea mstari kwa mstari. Alifurahia kazi hiyo. Kuna raha ya kukijua kitu mpaka ndani, na yeye alikuwa ndani kabisa.

Alhamisi Mwangangi alikuja akajaribu, akashindwa, akajaribu tena, akaomba chai. Kisha akasema, "Aa, na hii kitufe ya kusimamisha?" Akaifanya sauti isimame katikati ya kusoma, akaufunga ukurasa, akaiambia sauti iendelee. Kamera ikalia.

Wacera alitoa kilio. Khavere aliipiga meza kofi mpaka vikombe vikaruka. Wote walijua kwamba Kirima kisicho na sauti kilikuwa tayari kwenye kompyuta ya Hezekiah, kinangoja kubonyezwa.

"Usikate tamaa," Mwangangi akasema, mtu aliyekuwa ametoka kumvunjia kazi yake.

"Nani amekata?" Khavere akamjibu kwa ukali. "Kaa hapo. Niambie imerudi wapi."

Ilikuwa imerudi kwenye chumba cha zamani. Sauti ikisimamishwa ilijiwekea alama ya mahali pa kuendelea, na alama hiyo ilikuwa namba ile ile ya chumba, imejificha mahali ambapo hakuna aliyekumbuka kuitafuta. Khavere sasa alikasirika kikwelikweli, na hasira yake ilikuwa ya manufaa. Alikataa kuziba tundu moja moja. Ukurasa ukiondoka, akaamua, uwaambie wote walioishika namba yake kwamba namba imekufa: sauti, kitufe, alama, kila mmoja. Na atakayechelewa kusikia, akienda kubisha, apate jibu kwamba hapa hakuna mtu. Wacera akapitia msimbo wote akiwinda kila mahali namba kama hiyo inaposhikwa, akapata ndugu wengine wa kasoro hiyo, mmoja kwenye picha na mmoja kwenye video, wakawafungia nao. Hezekiah mwenyewe akavua koti, akakaa karibu na Khavere, akaifumua sheria yake kali akaiandika upya. Nafasi bado itatwaliwa papo hapo. Ila kwanza kila mtu ataagwa.

Ijumaa Mwangangi alianza asubuhi na mapema, shingo imefungwa skafu. Alifunga na kufungua. Alisimamisha na kuendeleza. Alileta kurasa kumi kwa pamoja, akazifukuza kwa pamoja. Alijaribu kwa mwendo wa Khavere na kwa mwendo wa Magdaline na kwa mwendo mzito zaidi ambao hata konokono angeomba aharakishiwe. Khavere alikaa mkabala naye mikono ikiwa mapajani, akisikiliza. Kila mara sauti ilipofikia mwisho wa sentensi yake alishika pumzi, na kila mara ulifuata ukimya mzuri, safi, usio na maneno ya mtu mwingine ndani yake. Hakuwahi kujua kwamba atakuja kuupenda ukimya kiasi hicho.

Chakula cha mchana kilipita. Chai ikapita. Mwishowe kiti cha Mwangangi kililia, akajinyoosha.

"Nimeshindwa," akasema.

"Sema tena."

"Nimeshindwa, Phoebe! Sipati mlango. Nimetafuta kwa kila ukuta. Nipeni chai ingine niende nyumbani, hii baridi yenu itaniua."

Wacera akapiga kigelegele kilichosikika mpaka dukani chini. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akaziwasha simu zote ishirini, sauti juu, mwendo wa pole pole, kila moja na ukurasa wake. Ofisi ikajaa wasomaji. Moja ilisoma bei ya viazi, moja ilisoma Zaburi kwa Kigikuyu, moja ilieleza jinsi ya kumtibu mbuzi kikohozi. Akazifunga kurasa zote kwa mfululizo, na simu moja baada ya nyingine ikamaliza sentensi yake, yake mwenyewe, ikanyamaza. Hata ile simu duni ilimaliza, tena haikupata hata joto.

"Ni nyepesi," Hezekiah akasema, kama mtu asiyeamini. "Ni nyepesi kuliko ile ya zamani."

Khavere alisikia vidole vyake vikigonga kwenye kibodi, mara chache, kwa nguvu.

"Umefanya nini?"

"Nimefuta ile haina sauti. Kuja hapa. Tuma hii wewe."

Akampisha kiti. Khavere akatafuta kitufe, akakipata, akakaa kidogo na kidole juu yake, maana mambo kama haya mtu hayafanyi mara nyingi maishani. Akabonyeza. Kirima kipya kikashuka mlimani, kwa kila simu iliyokuwa hewani kutoka Ruring'u hadi mtoni, pamoja na ujumbe wa kuwaambia watu kwamba sauti ni salama, wasikilize.

Walikumbatiana. Mwangangi alikumbatiwa pia, japo yeye ndiye aliyewatesa. Hezekiah alizungumza kirefu juu ya sentensi moja na jinsi alivyoigundua, na Khavere akamwacha aseme, ana furaha ya kumtosha yeye na wengine. Machozi yalikuwa yakimtoka Khavere na hakuyaficha.

Akampigia Magdaline. Alikuwa ametayarisha maneno mengi: kwamba mlango umefungwa, kwamba asiogope tena, kwamba bila yeye na mwendo wake wa polepole wasingeijua kasoro hiyo mpaka leo. Simu iliita kwa muda mrefu kabla haijapokelewa.

"Shosho, ni mimi Khavere. Nilikuwa nataka kukuambia..."

"Ngoja, mami, ngoja," Magdaline akamkata, kwa haraka ya mtu aliyekatizwa. "Nitakupigia baadaye. Saa hii ninasoma."

Na akakata simu.